Jina la Huyu, Geti la Yule

Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuliko hata lile la nalipwa shilingi ngapi, ni hili: yule uliyemuimba ni nani? Naandika mashairi ya taarabu zaidi ya miaka 20 sasa, kuimba siimbi, sauti yangu ni ya kuita watoto waje kula tu, mi kazi yangu daftari na kalamu, nampelekea mpiga kinanda tunakaa tunatafuta melodi, waimbaji wanakuja wanachukua. Na kila wimbo wenye jina la mtu ukianza kupigwa redioni basi simu yangu haipumui. Mashoga zangu wanataka kujua, bodaboda wa kijiweni wanataka kujua, mama mkwe wangu mtu wa swala tano hajakanyaga ukumbi wa taarabu maisha yake yote, na yeye kuna siku alinivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, huyo mwanamke si ndo yule mke wa fundi baiskeli?

Siye. Na leo nataka nieleze kwa nini siye, na kwa nini hata mkinibana vipi jibu langu litakuwa hilohilo, manake watu wanadhani mtunzi anaficha, kumbe mara nyingi hana cha kuficha.

Nianze na kesi yangu mwenyewe. Zamani kidogo, vikundi bado vinauza kaseti na CD ndo zinaanza anza, niliandika wimbo wa mwanamke mkopaji, anakopa kwa kila mtu halipi, ukimdai ananuna yeye. Ubeti wa kwanza ulianza hivi: Zuhura wangu jirani, mwenye geti la kijani, deni langu la zamani, utalilipa mwakani? (Jina hapa nimebadilisha, ila silabi zilezile tatu, hesabu isiharibike.) Wimbo ukapendwa. Wiki ya tatu hivi, Jumamosi asubuhi, nipo uani naosha vyombo, nasikia hodi, natoka nakuta wanawake wawili, mmoja kavaa dera la zambarau mkono kiunoni, mwenzie kasimama nyuma yake kama shahidi wa mahakamani. Salamu hamna. Akasema, mimi ndo Zuhura, na huyu ni wifi yangu.

Kumbe huyo dada anakaa mtaa wa nyuma ya pale kikundi kilipokuwa kinafanyia mazoezi, na kumbe ni mweka hazina wa kikoba, na kumbe kwenye kikoba kuna hela haionekani na wenzie wameshaanza kumuangalia kwa jicho la pembeni. Mi wallahi hata moja sikuwa nalijua. Nikawakaribisha ndani, nikachemsha chai, nikaanza kumueleza habari za vina na mizani, kwamba mshororo una mizani 16, nane huku nane kule, kwamba nilitaka jina la silabi tatu na hilo lilikaa vizuri mdomoni mwa mwimbaji, akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu, akasema: "Sawa dada, vina nimevielewa. Sasa vina hivyo vimejuaje kama geti langu la kijani?"

Nilikosa la kusema, manake geti lile lilikuwa la shangazi yangu Tanga, na geti la shangazi ni la bluu. Limekuwa la kijani kwa sababu mbele yake kuna jirani, basi, ingekuwa vina vinaishia na "lu" lingebaki bluu lake na yule dada angekaa kwake anakunywa chai yake mwenyewe. Na kisa cha deni nilikisikia kwenye daladala ya Mbagala, kina mama wawili siti ya mbele yangu wanasimuliana habari za mtu wa huko Kigoma, hata hawakumtaja jina. Kwa hiyo jina limetoka kwenye hesabu, kisa kimetoka Kigoma kikapitia Mbagala, geti limetoka Tanga likapakwa rangi na vina, ukivichanganya unapata mtu mmoja kamili ambaye ana anwani na ana hasira.

Ndo maana swali la "ni nani" mi naona halijakaa sawa. Uliza jina limetoka wapi. Kisha uliza kisa kimetoka wapi. Kisha uliza zile alama ndogondogo, geti, cheko, namna ya kufunga lemba, ambazo sisi tunaziita chachandu manake bila hizo wimbo unalika ila haunogi. Mara nyingi utapata majibu matatu ya nyumba tatu tofauti.

Na si taarabu tu, ni kazi yote hii dunia nzima. Chukua Roxanne wa bendi ya The Police. Mwaka 1977 walikwenda kupiga Paris, hoteli ya kimaskini, nje ya hoteli wamesimama wanawake wanaouza miili, Sting ambaye ndo mtunzi akawaangalia akawaza ingekuwaje kumpenda mmoja wao. Kisa ndo hicho. Jina sasa, jina lilikuwa ukutani, pale mapokezi kuna bango kuukuu la tamthilia ya Cyrano de Bergerac na mwanamke anayegombewa mle ndani anaitwa Roxane. Kwa hiyo wale waliosimama barabarani hawakuitwa hivyo, na aliyeitwa hivyo hajawahi kusimama barabara yoyote, ni wa jukwaani.

Jolene wa Dolly Parton vilevile, wimbo wa 1973, mke anamuomba mwanamke mzuri asimchukulie mume wake. Kisa anasema mwenyewe kilitokea benki, kulikuwa na mfanyakazi wa dirishani mwenye nywele nyekundu aliyekuwa anamchangamkia sana mume wa Dolly enzi wamefunga ndoa juzijuzi tu, na mume naye safari za benki zikawa haziishi, haha. Lakini yule wa benki hakuitwa Jolene. Jolene alikuwa mtoto wa kike wa miaka 8 hivi aliyekuja mbele ya jukwaa kuomba saini, ana nywele nyekundu na macho ya kijani, Dolly akamuuliza jina, akalipenda, akaondoka huku analiimba asilisahau. Fikiria huyo mtoto, keshakuwa mtu mzima sasa, jina lake duniani kote ni jina la mchukua waume za watu na kosa lake ni kuomba saini.

Kuna wakati jina linabadilishwa kabisa kama nguo. Buddy Holly mwaka 1957 alikuwa na wimbo wa Cindy Lou, jina la mpwa wake, halafu mpiga ngoma wake Jerry Allison akamuomba aweke Peggy Sue manake ndo msichana wake na walikuwa hawaelewani, anataka kumlainisha. Likabadilishwa. Wakaja kuoana kweli mwaka uliofuata. Mi wapiga ngoma wangu wameshaniomba mambo ya namna hiyo mara nyingi mno na huwa nakataa, si kwa ubaya, ni kwamba mapenzi ya wanamuziki yanaisha kabla wimbo haujatoka studio.

Ila ninayempenda kuliko wote ni Eleanor Rigby wa The Beatles, 1966, bibi mpweke anayeokota mchele kanisani baada ya harusi ya watu. Paul McCartney amesema Eleanor alilitoa kwa Eleanor Bron, muigizaji waliyecheza naye filamu, na Rigby aliliona kwenye duka la wauza mvinyo Bristol. Vizuri, kesi imeisha. Halafu ikaja kuonekana kwamba kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's pale Woolton, Liverpool, kuna jiwe limeandikwa Eleanor Rigby, alifariki 1939 ana miaka 44, na kanisa hilohilo ndo ambalo Paul na John Lennon walikutana mara ya kwanza mwaka 1957! McCartney mwenyewe akakubali kwamba huenda jina lilijificha kichwani bila yeye kujua. Mi hapo namuelewa kabisa. Geti la shangazi sikulikumbuka nilipokuwa naandika, nililikumbuka nilipoulizwa.

Na kwenye wimbo huohuo kuna padri, Father McKenzie, ambaye mwanzo alikuwa Father McCartney, Paul akaona hapana, watu watasema ni baba yangu mzazi, wakafungua kitabu cha simu wakatafuta jina jingine linaloanza na Mc. Hiyo hofu kila mtunzi anaijua. Unaandika, unasoma, unajiuliza nyumbani watasema nini, unakata. Mashairi yangu nusu yamekatwa na mama mkwe bila yeye kujua.

Watu wanabisha sana wakiambiwa mhusika hayupo kabisa. Michael Jackson aliandika kwenye kitabu chake cha 1988 kwamba Billie Jean hajawahi kuwepo, ni mchanganyiko wa wasichana waliokuwa wanawasumbua kaka zake miaka ya bendi ya familia, na mpaka leo ukisema hivyo kijiweni utaambiwa wewe ndo hujui. Mtu hataki mchanganyiko, anataka jina na mtaa.

Halafu kuna kinyume chake, mtu yupo, anajulikana, anakula chakula cha jioni na nyie, na ndo maana huwezi kumtaja. Eric Clapton alimpenda Pattie Boyd wakati Pattie ni mke wa George Harrison, rafiki yake kipenzi. Ungefanyaje? Akaazima jina la zamani, Layla, kutoka kwenye kisa cha Laila na Majnuni alichokiandika mshairi wa Kiajemi Nizami karne ya 12, kisa ambacho huku pwani hatuhitaji kuelezwa, mtu aliyepagawa na mapenzi tunamuita majnuni bila hata kufikiri. Wimbo ukatoka 1970. Hiyo sisi tunaita kufumba, na fumbo zuri ni lile ambalo mlengwa anajua, wewe unajua, na mume wa mlengwa hana pa kushika. Pattie alikuja kuolewa na Clapton 1979, kwa hiyo fumbo lilifumbuka lenyewe.

Hapa kwetu kuna Malaika, ambao jina hauna kabisa, kuna malaika tu na kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali, na ungedhani wimbo usio na jina hautagombewa. Wapi. Fadhili William ndo aliyeurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, lakini Adam Salim naye alisema utunzi ni wake wa miaka mingi nyuma, na kila upande una msichana wake aliyekuwa malaika. Yaani wamegombana mpaka malaika.

Sasa hayo yote ni ya mapenzi, mtu akikosewa anakuja kwako unampa chai. Yapo mengine ambayo jina ni la kweli, kisa cha kweli, mtu kafa kweli, na huko ndo mi huwa naweka kalamu chini nafikiri mara mbili.

Kijiti. Kama hujawahi kusikia wimbo wa Kijiti basi utafute, Bi Kidude kauimba sana mpaka alipofariki 2013, ila asili yake ni kwa Siti binti Saad na kundi lake, Unguja miaka ya 1920. Siti mwenyewe, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, ndo huyohuyo aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na kundi lake walikuwa wakikutana kuimba na kutunga Ng'ambo, upande wa walalahoi, mambo yaliyotokea mtaani na mahakamani mchana yanatiwa kwenye wimbo usiku. Kijiti ni mojawapo. Mwanamke kaja Unguja kutoka Dar es Salaam, mgeni, mjamzito. Wametoka wenyewe kwa wenyewe na wenyeji wake kwenda kujifurahisha, pombe ipo. Kijiti akamchukua, akaenda naye vichakani, akamrudisha maiti. Na ubeti wa kwanza unasemaje? Unasema alimchukua mgeni kumchezesha foliti. Foliti! Ule mchezo wa watoto wa kukimbizana na kugusana. Nimeandika mashairi mpaka vidole vina sugu na sijawahi kupata neno moja linalofanya kazi kama foliti pale, manake kila aliyekuwa anasikiliza keshacheza foliti utotoni, anajua mkono unaokufuata nyuma, na ghafla anaambiwa mchezo huo umeishia wapi.

Kisha wimbo unaingia mahakamani. Kijiti ametoroka kavuka bahari, waliobaki ni mashahidi wanawake waliokuwa naye usiku ule, na jaji kwenye wimbo anakasirika kitini anawatukana mashahidi, tusi lenyewe limeachwa lilivyo, bladifuli, Kiingereza cha jaji kimepita kwenye sikio la Ng'ambo kikatoka hivyo, anaamuru wafungwe wao. Kosa lao pombe. Muuaji yuko ng'ambo ya maji, mashahidi ndani. Mtunzi hakutoa hotuba juu ya serikali ya kikoloni wala nini, kaweka jaji kwenye kiti, kaweka tusi mdomoni mwake, kamaliza, na kwa Kijiti mwenyewe kaacha onyo kwamba huko Dar asikanyage.

Ila kinachoniuma kila nikiusikiliza ni hivi: jina la muuaji ndo jina la wimbo. Karibu miaka 100 sasa tunaimba Kijiti, Kijiti, vibwagizo vinaitikiwa, na aliyekufa kwenye ubeti ule wa kwanza ni mgeni. Ni jambo la kisanaa ninaloelewa, mgeni ni neno zito Uswahilini, kumuua mgeni ni kuua na heshima ya nyumba nzima iliyompokea, na Kijiti jina lenyewe ni tamu la kuitika, fupi, lina mdundo, kama mtunzi ningelichagua hilohilo. Ndo ubaya wake. Sikio linachagua kabla ya roho.

Marekani walifanya vilevile. Usiku wa Krismasi mwaka 1895 mjini St. Louis, kwenye baa ya mtu aitwaye Bill Curtis, wanaume wawili weusi wanakunywa pamoja wakagombana, Billy Lyons akanyakua kofia ya Lee Shelton, akaambiwa irudishe, hakuirudisha, akapigwa risasi. Shelton akachukua kofia yake akatoka. Kofia! Huyo Lee Shelton ndo Stagger Lee, au Stack O'Lee kama alivyoimba Mississippi John Hurt kwenye rekodi yake ya 1928, mwaka uleule Siti yupo Bombay. Shelton alifungwa, akaachiwa, akafungwa tena kwa kosa jingine, akafia gerezani 1912 kwa kifua kikuu. Mtu mgonjwa, mfungwa. Kwenye nyimbo huku nje akawa jitu, anaogopwa mpaka na shetani. Na Lloyd Price alipoufanya upya ukashika namba moja, kwenye televisheni akatakiwa aimbe toleo jingine ambalo hakuna anayekufa, wale wawili wanapatana! Billy Lyons alisubiri zaidi ya miaka 60 kufufuliwa na kipindi cha vijana.

Mji huohuo, miaka minne baadaye, Oktoba 1899, binti anaitwa Frankie Baker, ana miaka 22, alimpiga risasi mpenzi wake Allen Britt. Alijitetea kwamba kijana alimjia na kisu. Mahakama ikamuachia huru. Huko mtaani wimbo ulikuwa umeshatungwa, na ukasambaa, Allen akaitwa Albert, baadaye Johnny, ndo huo wa Frankie and Johnny, na kwenye matoleo mengi Frankie anauawa au anafungwa kwa alichofanya. Nataka mlifikirie hilo kidogo. Umeachiwa na mahakama, unahama mji, unahama tena, unafika mpaka Portland, Oregon, umefungua kibanda cha kung'arisha viatu, na huko nako watu wanaimba unavyonyongwa. Filamu zilipotoka miaka ya 1930 akaenda kushtaki, akashindwa. Akafariki 1952 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Jaji alimuachia huru lakini wimbo haukumuachia, na wimbo hauna mahali pa kukatia rufaa.

Kesi moja tu naijua iliyoishia vizuri, ya Brazili. Tom Jobim na Vinicius de Moraes, Rio, 1962, wanakaa kwenye baa ya Veloso, kuna binti wa Ipanema anapita kwenda ufukweni, na mara nyingine anaingia hapohapo kumnunulia mama yake sigara. Wimbo wao, The Girl from Ipanema, ukawa maarufu dunia nzima kabla yeye hajajua ni yeye, Vinicius alikuja kumtangaza 1965, Helô Pinheiro. Miaka ikapita, kazeeka kidogo, kafungua duka la nguo kalipa jina la wimbo, na mwaka 2001 warithi wa watunzi wakamshtaki kwamba jina si lake! Mahakama ikasema mwacheni. Mi ni mtunzi na nilishangilia upande wa binti, mnisamehe wenzangu.

Nikirudi kwenye Zuhura. Kuna kitu kinatokea baada ya wimbo kutoka ambacho mtunzi hana mamlaka nacho tena, mhusika anatoka kwenye wimbo anaenda mtaani kujitafutia mwili. Franco na TPOK Jazz walitoa Mario mwaka 1985, kijana msomi kabisa, hataki kazi, amehamia kwa mwanamke aliyemzidi umri anakula na kulala. Kilingala wengi wetu tulikuwa hatukielewi ila tabia tuliielewa vizuri sana, na jina likahamia kwenye Kiswahili likaacha kuwa jina la mtu, marioo, wingi wake mamarioo, likapata na ngeli yake. Kila mtaa ukawa na wake. Sasa mtu akiniuliza Mario wa kweli alikuwa nani Kinshasa nacheka, manake mi naweza kumuonyesha watano kabla ya kufika stendi.

Na Kasongo wa Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliokaa Kenya, wimbo wa miaka ya 70, mke anambembeleza mume arudi nyumbani. Ulilala kwenye harusi na baa miaka yote hiyo, mwishoni mwa 2024 Wakenya wa mitandaoni wakamvisha jina hilo Rais Ruto na wimbo ukaanza kupigwa upya na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Hakuna aliyeuliza mtunzi alimkusudia nani. Jina lilikuwa linaelea, likapata pa kutua.

Kwenye taarabu sisi tuna utaratibu kabisa wa jambo hili, nalo ni kutunza. Kwa asiyejua, mwimbaji akiwa anaimba unainuka na noti yako unakwenda kumpa, ila ujanja haupo kwenye noti upo kwenye njia. Unaweza kwenda moja kwa moja, hiyo ni kumpongeza msanii. Au unapita kwanza kwenye meza ya mtu fulani, unacheza taratibu, unamzunguka, noti imeinuliwa juu, unasubiri ule mshororo unaoutaka ufike, mwimbaji akiutamka tu wewe unanyoosha kidole au unatikisa bega upande ule, kisha ndo unaenda kulipa. Hapo umeshaununua wimbo na umeshamuandikia mtu. Ukumbi mzima umesoma. Mtunzi unaweza kuwa umekaa palepale na juisi yako unaona mtu usiyemjua kabisa anaingizwa kwenye beti zako akiwa mzimamzima.

Miaka kama sita baada ya ile Jumamosi nilikuwa kwenye harusi Temeke, kikundi kipo, wakapiga ule wimbo. Naangalia meza ya tatu, dera safari hii la dhahabu, Zuhura. Nikajikunja kwenye kiti. Akainuka na noti za elfu mojamoja kazipanga kama feni, akaanza kuja, nikasema leo leo, akanipita. Akaenda meza ya pembeni kule alikokaa mwanamke mmoja kajitanda ushungi, nikakaza macho, ni wifi yake, yuleyule aliyekuja naye kwangu kusimama shahidi. Akamzunguka mara ya kwanza. Akamzunguka mara ya pili. Mwimbaji akafika, mwenye geti la kijani, na Zuhura akamshusha ile feni ya noti mbele ya pua yake, polepole, ukumbi ukalipuka vigelegele, kisha akaenda kutunza akiwa ametulia kama aliyetoka sokoni.

Kurudi akapitia mezani kwangu. Akainama sikioni.

"Dada, geti la wifi jeusi, lakini usijali, watu wameelewa."